Miti ya jirani imeangushwa na upepo, kuni zake naziombaje?

Mama Pacha, Soni

Habari za jioni wapendwa, na shikamooni wakubwa zangu mliomo humu. Naomba ushauri, hasa kwa watu wa milimani, maana jambo hili nataka liende vizuri tangu mwanzo.

Wiki iliyopita mvua ya masika ilikuja na upepo mkali usiku. Kwa jirani yangu wa juu imelala migrevilea mitatu na mwati mmoja mkubwa. Migrevilea miwili imeng'oka na mizizi yake, mmoja umekatika katikati, na ule mwati umevuka mpaka, kichwa chake kimelalia migomba yangu. Mwenye shamba ni mzee wa watu, mwalimu mstaafu, anaishi na mjukuu wake wa kike anayesoma sekondari. Watoto wake wako Dar na Tanga. Miti imekaa tu. Njia yake ya kwenda zizini imezibwa, kila asubuhi namwona anazunguka kupitia shamba la watu wengine akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe mabegani, na umri ule.

Mimi nakaanga maandazi pale senta, karai kubwa. Chai nachemshia gesi, lakini karai la maandazi ukiliweka kwenye gesi mtungi unaisha faida hujaiona. Kuni nanunua kwa mzigo, na msimu huu zinaletwa mbichi, moshi mtupu, halafu bei juu. Nikiangalia ile miti naona kuni za kunifikisha mbali.

Sasa huyu mwalimu ndiye aliyemfundisha mume wangu kusoma na kuandika. Sitaki nimwendee kwa namna ambayo ataona namvizia kwenye shida yake. Wala sitaki kesho wanawe wapige simu kwamba mama wa maandazi kabeba mbao za baba yao. Naanzaje kuongea naye? Fundi wa chenso alipwe na nani? Mgrevilea ni kuni ya maana au nitachoka bure? Na zikishapasuliwa zikae muda gani ndipo ziingie jikoni?

Kijana wa Mombo

Mama Pacha, huo mwati uliolalia migomba yako ni wako, kata. Umekuharibia mazao na uko kwenye ardhi yako. Hiyo mingine ndiyo uombe.

Mzee wa Shoka, Lukozi

Marahaba Mama Pacha. Nimeshika msumeno tangu ujana wangu, wakati tunapasua mbao watu wawili, mmoja juu ya gogo mmoja chini shimoni, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Univumilie.

Kijana wa Mombo, hapo nakukatalia. Mti ni wa aliyeupanda, hata ukilala kwenye shamba la mwingine. Migomba iliyovunjika ni mazungumzo mengine kabisa, na watu waungwana wakikaa na balozi wao wa nyumba kumi huyamaliza kwa dakika chache. Ukianza kukata mwati bila neno la mwenyewe, umejifidia kabla hujasikilizwa, na ile migrevilea ya juu hutaiomba tena wala hutapewa. Ugomvi wa mipaka huku kwetu umetenganisha koo. Usiuanze kwa ajili ya kuni.

Mama Pacha, nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Nenda asubuhi, na neno lako la kwanza liwe pole. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakiona mti umeanguka wanaona kuni, na mwenyewe anaona akiba yake iko chini. Mgrevilea huku ndio benki. Mtu anaupanda kando ya matuta mtoto akiwa mdogo, mtoto akifika sekondari mti unauzwa mbao, ada inalipwa. Mwalimu ana mjukuu anayesoma. Inawezekana kabisa ile migrevilea ilikuwa na jina la mjukuu.

Kwa hiyo usimwambie "naomba kuni". Mwambie hivi: "Mwalimu, pole kwa miti. Njia yako imezibwa na nakuona unavyohangaika. Nataka tukusafishie. Magogo yanayofaa mbao tutayaacha mazima, tutayapanga pembeni ya njia, ni yako. Matawi, vichwa na vile vipande visivyofaa mbao nibebe mimi kwa kazi hiyo." Hapo umempa kitu kabla ya kuomba kitu. Akikubali, mwombe ampigie mwanawe mkubwa mbele yako, simu iwekwe sauti ya juu, amweleze mwenyewe kwa maneno yake. Balozi awepo akisikia. Hiyo ndiyo kinga yako dhidi ya simu za baadaye unazoziogopa.

Halafu, kabla ya chombo chochote kugusa mti, mtembee naye mti kwa mti. Chukua chokaa au hata tope, muweke alama pale ambapo mbao inaishia na kuni zinaanzia. Mwache yeye aonyeshe. Mgrevilea ulionyooka una mbao nzuri ya kitanda, ya mlango, ya dari, na wanunuzi wanataka futi 12. Fundi akikata gogo futi 11 amemharibia mwalimu fedha, kwa hiyo mwambie aache futi 12 na shibiri moja ya ziada kwa ajili ya ncha zitakazopasuka. Ule uliokatika katikati uangalieni vizuri, mara nyingi shina linakuwa na ufa unaopanda ndani, na kipande chenye ufa ni kuni tu. Hapo utapata zaidi ya unavyodhani.

Fundi: wewe umlipe kwa matawi na kusafisha njia, kwa sababu hizo kuni ni zako. Kukata magogo ya mbao ni juu ya mwalimu akiuza, na umweleze hivyo mapema. Usikubali fundi alipwe gogo. Mafundi wengi watapenda gogo kuliko fedha, na gogo moja la mgrevilea mnene linazidi malipo ya kazi yote. Mwalimu ndiye atakayeumia.

Sasa sehemu ambayo nakuomba uisome mara mbili, kwa sababu nimeona watu wakiumia.

Mti uliong'oka na mizizi unaonekana umelala, lakini ndani bado una nguvu. Uzito wa shina ndio umeliinua lile bonge la mizizi na udongo. Ukikata shina karibu na kisiki, uzito umeondoka, na kisiki kinaweza kurudi shimoni kwa kishindo mara moja. Watoto wanapenda kucheza katika shimo lile. Mbuzi wanajikinga mvua humo. Mtu mmoja, kazi yake siku nzima iwe kulinda shimo tu, asibebe hata tawi. Na kisiki kiwekewe gogo la kukizuia kabla mashine haijawashwa.

Tawi lililopinda likiwa limebeba mti nalo ni hatari. Upande wa ndani wa mpindo umebanwa, upande wa nje umevutwa. Fundi akishambulia upande wa nje moja kwa moja, tawi linapasuka kwa urefu na kumrudia kifuani. Anayejua kazi hukata kidogo upande uliobanwa, kisha humalizia nje polepole, naye amesimama pembeni, hayuko mbele ya mpindo. Muulize fundi wako ataanzia wapi. Akikujibu "popote", tafuta mwingine.

Na shamba la mwalimu ni la mteremko, kama mashamba yetu yote. Mnaobeba mkae upande wa juu wa gogo, kamwe msikae upande wake wa chini. Gogo likikatwa kiungo cha mwisho linaviringika, na chini ndiko ilipo nyumba yako. Wekeni vigingi kabla.

Kama waya wa umeme umeguswa na tawi hata moja, hakuna kazi hapo. TANESCO waje kwanza.

Kuhusu ubora: mwati ndio utakaokufurahisha. Unawaka na moto mkali, makaa yake yanakaa, karai halipoi katikati ya kukaanga. Mgrevilea unashika moto upesi na kuisha upesi, mzuri wa kuwashia na kuongezea mwali. Changanya: asubuhi anza na mgrevilea, karai likishashika joto shikilia kwa mwati.

Jambo la mwisho, visiki. Usivichimbe vile vilivyo kwenye kingo za matuta, hata kama mwalimu atasema chukua. Mizizi ile ndiyo iliyoshika udongo. Ukiing'oa, masika ijayo tuta linashuka lote na migomba yako ndiyo itakayolipokea.

Binti Mlalo

Mzee wa Shoka kasema mengi, mimi naongeza la ngozi. Unga wa mbao ya mgrevilea unawasha. Siyo kila mtu, lakini akiwashwa mtu anawashwa kweli, mikono inatoka vipele na macho yanavimba. Vaa mikono mirefu, funga kitambaa shingoni, na ukimaliza oga kabla hujamshika mtoto. Mama yangu hawezi kabisa kukaa karibu na fundi anayepasua mgrevilea.

Majani yake usiyachome. Tunayatandika zizini chini ya ng'ombe, yakishaloa mkojo yanakuwa mbolea nzuri. Mwalimu ana ng'ombe, mwachie.

Mstaafu wa Misitu

Naomba nifafanue upande wa taratibu, maana watu huogopa pasipo na sababu, na pale penye sababu hawaogopi.

Miti iliyopandwa na mtu shambani mwake ni mali yake, na kuni akimpa jirani wakabeba kichwani mpaka jikoni, hilo ni jambo la ujirani. Shida inaanza mkipakia kwenye gari na kushuka nayo barabarani. Mkikutana na kizuizi mtaulizwa kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, na msipokuwa nacho mzigo unaweza kushikiliwa. Kwa hiyo yale magogo ya mwalimu, siku atakapopata mnunuzi, aanzie ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu wa wilaya kabla ya gari kufika. Wewe Mama Pacha hilo halikuhusu, lakini mkumbushe mzee.

Na hayo tunayosema ni ya migrevilea na miwati, miti ya kupandwa, asili yake Australia. Siku ukikuta umeanguka mti wa asili, mvule au mkulo, usiuguse hata kama uko kwenye ua wako, muone afisa misitu kwanza. Kuni za ndani ya hifadhi kama Magamba nazo zina utaratibu wake, usisikilize mtu anayekwambia "mti mkavu hauna mwenyewe".

Neema wa Dodoma

Jamani, kwa upendo kabisa, mbona tunasherehekea kuni? Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilishapewa mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Mama Pacha, moshi unaula mapafu yako na ya hao pacha. Tafuta jiko kubwa la gesi, hesabu vizuri, utashangaa.

Mama Pacha, Soni

Nawashukuru wote, Mungu awabariki.

Neema mdogo wangu, nimekusikia, na siyo kwamba nabisha. Gesi ninayo na naitumia. Ila karai langu linakaa motoni kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, na andazi ni shilingi mia. Mtungi wa kulisha moto ule kwa bei ya andazi la mia haupatani, nimekaa na daftari na kalamu nikahesabu. Siku hesabu ikikubali nitahama, na nitafurahi kuhama. Mpaka hapo nataka angalau kuni iwe kavu, moshi upungue. Jiko langu ni banifu la udongo, lina bomba la kutolea moshi, na dirisha liko wazi.

Nimeenda kwa mwalimu. Nimefuata maneno ya Mzee wa Shoka karibu neno kwa neno, nikaanza na pole. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia ile miwili ya juu aliipanda mwaka aliostaafu. Tukampigia mwanawe wa Tanga, balozi akiwepo. Mwanawe akauliza swali moja tu: "Magogo yanabaki?" Baba yake akamjibu yanabaki, tumeyawekea alama. Akasema basi mama achukue kilichobaki na asante kwa kumfungulia baba njia. Kuhusu migomba, mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitaja, mimi sikusema kitu. Amesema mwati wote ni wangu kwa ajili ya migomba, shina na kichwa.

Fundi anakuja Jumamosi. Nilimuuliza ataanzia wapi. Akaenda akazunguka mti, akachuchumaa akaangalia chini ya lile tawi kubwa, akaniambia ataanza na matawi yasiyobeba kitu. Nadhani huyo ndiye.

Limebaki swali la kukausha, halijajibiwa. Na huo mwati mzima, nifanye nini na maganda? Yanatoka kirahisi sana, nimejaribu kwa panga.

Mzee wa Shoka, Lukozi

Umefanya vizuri sana, na mwalimu kafanya kiungwana. Fundi anayechuchumaa kuangalia chini ya tawi ni fundi.

Maganda ya mwati yavue sasa hivi yakiwa mabichi, marefu kadiri unavyoweza. Hiyo ndiyo kamba ya kufungia mizigo yako ya kuni, na mwalimu anaweza kuyatumia kufungia fito za banda. Yakikauka yanakatika. Mti uliovuliwa ganda unakauka upesi zaidi, na bungua hawapati pa kujificha, kwa hiyo umepata faida mara mbili kwa kazi moja.

Pasua mwati ukiwa mbichi. Huu ni mti mtiifu kwa shoka siku za mwanzo, unaweka kabari kwenye ufa wa asili unaouona katikati ya kipande, unapiga, unafunguka wote. Ukisubiri ukauke mzima utapambana nao. Katakata kwa urefu wa mdomo wa jiko lako, uchukue kijiti ukipime jikoni kwanza na umpe fundi kijiti hicho, vinginevyo atakukatia urefu anaoupenda yeye na jiko banifu halipokei. Unene uwe wa kifundo cha mkono wako. Vichache viwe vinene, vya kushikilia moto.

Kupanga ndiko watu wanakoharibu. Wanarundika chini, wanafunika turubai mpaka ardhini, wakifunua wanakuta ukungu. Laza fito mbili chini, kuni zisiguse udongo, mchwa wasipande. Panga mstari mmoja mwembamba, siyo lundo, upande wa upepo, mbali kidogo na ukuta wa nyumba kwa sababu nyoka wanapenda rundo la kuni. Juu weka bati moja na jiwe. Pembeni acha wazi. Upepo ndio unaokausha, jua linasaidia tu, na huku kwetu ukungu wa Juni na Julai unakaa mpaka saa nne, kwa hiyo usihesabu jua.

Mgrevilea uliopasuliwa mwembamba unaweza kuanza kuutumia baada ya kipupwe. Mwati uupe mpaka mvua za vuli zinapokaribia, miezi sita hivi, na vile vinene zaidi ya hapo. Ukitaka kujua, chukua vipande viwili uvigonge. Kibichi kinatoa sauti nzito iliyoziba, kikavu kinalia. Angalia ncha, kikavu kina nyufa zinazotoka katikati kwenda nje. Na mzigo wa siku moja upange juu ya jiko, karibu na joto lakini usiguse bomba, unapokaanga leo kuni za kesho zinamalizia kukauka hapo.

Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto wako unachemsha hayo maji kwanza ndipo uchemshe mafuta. Ndiyo maana mzigo mmoja mkavu unafanya kazi ambayo mizigo miwili mibichi haifanyi, na ndiyo maana Neema ana haki ya kulalamikia moshi.

Vijiti vidogo vitakavyobaki msivichome pale pale shambani. Mbegu za mwati zimelala kwenye udongo, na moto ndio unaoziamsha. Mkichoma, baada ya mvua shamba la mwalimu litafunikwa na miche ya mwati, mtaing'oa mpaka mchoke. Vijiti hivyo vilazeni kwenye ukingo wa tuta, kwa kufuata mstari wa tuta, vizuie udongo.

Jumamosi mpelekee mwalimu mzigo wa kwanza wa mgrevilea ulio mwembamba, jikoni kwake. Mjukuu ndiye anayepika pale.

Mama Pacha, Soni

Asante baba. Kijiti cha kupimia nimeshakikata, na bati lile la zamani la banda la kuku litafaa kufunikia. Mjukuu atapata mzigo wake na maandazi juu.